Kompyuta ya baba yenye vitufe vya mpira: kumbukumbu zipi ni za kweli, na kaseti zake zifanyweje?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Niliishi Leeds, Uingereza, na wazazi wangu kuanzia 1983 hadi 1986, wakati baba akisoma chuo. Nyumbani tulikuwa na kompyuta ndogo nyeusi ya Sinclair, yenye vitufe vya mpira wa kijivu. Wanangu wanadai ninatia chumvi ninapowasimulia kwamba michezo ilikuwa ndani ya kaseti za kawaida. Kwamba ilipokuwa ikiingia, skrini ilizungukwa na michirizi ya rangi na mlio mkali uliomfanya mama afunge mlango. Kwamba mashine iliweza kukataa mwishoni kabisa baada ya kutungojesha. Kwamba ukibonyeza herufi moja lilitokea neno zima. Kwamba mtu wa kwenye mchezo alibadilika rangi akipita mbele ya mti. Na kwamba mtu akitikisa meza kila kitu kilifutika. Tuliporudi Dar es Salaam baba aliiweka kabatini na haikuwashwa tena. Sisi watoto tuliamini anatuadhibu kwa kupenda michezo kuliko masomo. Baba ametangulia mbele ya haki, na tumelifungua kabati: mashine ipo, kaseti zipo, na moja ina mwandiko wake, «Hesabu za watoto». Je, ninakumbuka sawasawa? Na kaseti hizo bado zinaweza kusomeka?

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa kuondokewa na mzazi. Kabla ya mengine yote, ninakuomba usiichomeke mashine kwenye umeme wala usicheze kaseti yoyote mpaka ufike mwisho wa jibu hili, maana mambo hayo mawili, ambayo mtu huyakimbilia kwanza kwa hamu, ndiyo yanayoharibu vitu hivi kuliko miaka yote iliyokaa kabatini.

Kuhusu kumbukumbu zako, waambie wanao kwamba mama yao hatii chumvi. Zote ni za kweli, ila hiyo ya meza ninaamini ni ya mashine nyingine, na nitaeleza kwa nini. Jambo ninalotaka ulione tangu mwanzo ni kwamba karibu kila ajabu uliyoikumbuka ina chanzo kimoja, nacho ni bei. Mashine ile haikubuniwa kwanza kisha ikapangiwa bei. Bei ilitangulia, na kila kilichobaki kikalazimika kuingia ndani yake.

Mashine yenu ni ZX Spectrum, iliyotangazwa tarehe 23 Aprili 1982 na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge. Yenye kilobaiti 16 za kumbukumbu iliuzwa pauni 125, na yenye kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175. Wakati huohuo BBC Micro ya daraja la juu, ambayo shule nyingi za Uingereza zilikuwa zikiinunua, iliuzwa zaidi ya pauni 300, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto ya wazazi waliotaka mtoto asome kompyuta. Katikati ya 1983 Sinclair alishusha bei, na Spectrum ya kilobaiti 48 ikafika pauni 129.95. Kwa mwanafunzi mwenye familia anayeishi kwa posho, hapo ndipo kompyuta ilipoacha kuwa kitu cha kutazama dirishani mwa duka.

Ili bei hiyo iwezekane, Richard Altwasser aliyesanifu sakiti alikusanya kazi za picha, sauti, kibodi na kaseti ndani ya chipu moja iliyotengenezwa na Ferranti, na kuuacha moyo wa mashine, prosesa ya Z80A yenye mwendo wa megahezi 3.5, ufanye kazi nyingine zote. Ubahili ulifika mbali kuliko watu wanavyodhani. Kilobaiti 32 za ziada katika mashine ya 48 zilitokana na chipu za kumbukumbu za kilobiti 64 zilizokuwa na hitilafu upande mmoja: viwanda vilikuwa tayari kuziuza kwa bei ya chini, na Sinclair akatumia nusu iliyo nzima ya kila chipu. Mashine yenu ikiwa ni ya 48, na za familia nyingi zilizonunua baada ya bei kushuka zilikuwa za 48, basi kwa miaka mitatu mlichezea chipu ambazo kiwanda kingine kingezitupa.

Sasa tuje kwenye kaseti. Diski zilikuwapo, lakini kifaa cha kuzisomea kiliweza kugharimu zaidi ya kompyuta yenyewe. Redio kaseti, kwa upande mwingine, ilikuwa tayari katika kila nyumba, kwa hiyo Sinclair hakuhitaji kutengeneza chochote cha kuhifadhia zaidi ya soketi mbili na waya. Programu, ambayo ndani ya kompyuta ni mfululizo wa sifuri na moja ziitwazo biti, iligeuzwa kuwa sauti: sifuri ilikuwa wimbi fupi, moja ilikuwa wimbi refu mara mbili yake. Hakuna siri zaidi ya hiyo, na ndiyo maana katika miaka ile baadhi ya stesheni za redio za Ulaya, Shirika la NOS la Uholanzi likiwa maarufu zaidi, ziliweza kutangaza programu za kompyuta hewani na wasikilizaji wakazirekodi kama wanavyorekodi wimbo.

Michirizi uliyoiona ilikuwa ni hizo sifuri na moja zenyewe, na hapa ninaomba nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo hata waliokulia mbele ya mashine hii mara nyingi hawakuambiwa. Programu ya kusomea kaseti, iliyokuwa ndani ya ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu isiyofutika, ilifanya kazi moja tu: kungoja sauti ipande au ishuke, kupima muda uliopita, na kuamua kama hiyo ni sifuri au moja. Kila ilipohisi badiliko, iligeuza rangi ya ukingo wa skrini. Televisheni nayo ilikuwa ikichora picha kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja kwa kila sehemu 64 za milioni za sekunde, kwa hiyo muda kati ya badiliko na badiliko ulionekana kama unene wa mchirizi. Mwanzoni kabisa, kwenye ule mlio mrefu usiobadilika, michirizi ilikuwa minene, karibu mistari kumi ya televisheni, myekundu na ya samawati, ikitambaa polepole kama inayotafuta mahali pa kusimama. Programu yenyewe ilipoanza kuingia, rangi ziligeuka kuwa buluu na njano na michirizi ikawa myembamba yenye vurugu: ile ya mistari minne hivi ilikuwa sifuri, na ile ya mistari saba au minane ilikuwa moja. Mlikuwa mmekaa kwenye zulia la Leeds mkitazama data ikipita kwa macho yenu, biti moja baada ya nyingine, kitu ambacho hakuna mtoto wa leo anayekiona kwenye simu yake. Na haikuwa urembo. Mashine haikuwa na taa wala kiashirio cha kuonyesha kwamba kaseti inasomeka, na ukingo wa skrini ulifanya kazi hiyo bila kuongeza senti moja kwenye gharama.

Kuhusu ukali wa mlio ninakuongezea tahadhari ndogo. Katika redio kaseti nyingi, ukichomeka waya kwenye tundu la hedifoni spika hunyamaza, na Spectrum yenyewe ilikuwa na spika ndogo sana ndani yake iliyotoa mnong'ono tu wakati wa kusoma. Mlio uliomfanya mama afunge mlango huenda ulisikika pale mlipochomoa waya kutafuta mwanzo wa mchezo kwenye utepe, jambo ambalo kila nyumba yenye mashine hii ililifanya, kwa kuwa kaseti haina orodha ya yaliyomo. Matoleo ya baadaye yaliyopeleka sauti kwenye televisheni, kama Spectrum 128 iliyoingia madukani Uingereza mwanzoni mwa 1986, yalipiga kelele kwa ukamilifu, lakini hayakuwa na vitufe vya mpira.

Mashine kukataa dakika ya mwisho halikuwa jambo la bahati mbaya, wala hamkuonewa. Katika kila fungu la data, kila baiti, yaani biti nane, ilipoingia ilichanganywa na zilizotangulia kupata namba moja ya ukaguzi, na namba hiyo ililinganishwa na ile iliyorekodiwa mwishoni mwa fungu. Ni kama mweka hazina wa kamati ya harusi anayejumlisha michango usiku wa mwisho: anaona jumla haikubaliani na daftari, lakini hawezi kusema ni bahasha ya nani iliyopungua. Utepe uliokunjamana kidogo katika dakika ya kwanza ungeweza kuharibu biti moja, na mashine ingeendelea kupokea kwa utulivu, michirizi ikicheza, mpaka fungu liishe ndipo itoe maneno «R Tape loading error». Michezo mikubwa ilikuwa na fungu moja kubwa lililochukua dakika tatu au nne, na hilo ndilo lililowafanya watoto wa kizazi kile waamini kwamba mashine ina roho mbaya. Kuongeza njia ya kurekebisha makosa kungehitaji nafasi kwenye ROM na kungerefusha kusoma. Anayeuza mashine kwa bei hiyo huona ni nafuu kumwambia mnunuzi arudishe kaseti nyuma aanze upya.

Ninadhani pia unakumbuka, ingawa hukuandika, namna picha ya mwanzo ya mchezo ilivyojichora. Mistari ilijaa kwanza theluthi ya juu, kisha ya kati, kisha ya chini, na ndani ya kila theluthi iliruka ruka, mmoja hapa na mwingine chini yake kwa umbali wa nafasi nane, kabla ya kurudi kujaza mapengo. Ilikuwa haina rangi kwa karibu nusu dakika, kisha rangi zikamwagika zote katika sekunde nne au tano. Mpangilio huo uliirahisishia prosesa kazi ya kuandika herufi kwenye skrini, na hakuna aliyefikiria kwamba watoto wangekaa wakiutazama. Waonyeshe wanao jambo hili, kwani linathibitishika kwa urahisi na linashangaza kuliko hadithi.

Kuhusu mtu aliyebadilika rangi mbele ya mti, maelezo yake ni hesabu ya moja kwa moja. Skrini ilikuwa na nukta 256 kwa 192. Kama kila nukta ingepewa rangi yake kati ya rangi 15 zilizokuwapo, picha moja ingekula baiti 24,576, na mashine ya bei ndogo ilikuwa na kilobaiti 16 tu kwa kila kitu, picha na programu pamoja. Suluhisho lilikuwa kuweka umbo la picha peke yake kwa baiti 6,144, kisha kuigawa skrini katika vijisanduku vya nukta nane kwa nane na kukipa kila kimoja rangi mbili tu, ya wino na ya karatasi, kwa baiti 768. Jumla ikawa baiti 6,912. Mtu mweupe akiingia kwenye kijisanduku cha mti wa kijani, lazima mmoja amfuate mwenzake. Watunzi wa michezo walijifunza kuikwepa kasoro hiyo: wengine walichora kila kitu kwa rangi moja, wengine walipanga njia za kupita mbali na mapambo, na ninaona kwamba sura ya pekee ya michezo ile, yenye nafasi nyingi nyeusi na maumbo yaliyokatwa wazi, ilizaliwa na baiti hizo 768 kuliko na ladha ya mtu yeyote.

Neno zima kutokea kwa kubonyeza herufi moja ni urithi wa mashine ya kwanza ya ukoo huo, ZX80 ya mwaka 1980, iliyokuwa na kilobaiti moja ya kumbukumbu. Kila amri ya BASIC, lugha ya kuandikia programu, ilihifadhiwa kama baiti moja, na njia rahisi ya kuipata baiti hiyo ilikuwa kuipa amri kitufe chake, ili mashine isihangaike kusoma P, R, I, N, T na kutambua neno. Hivyo P ilitoa PRINT, G ilitoa GO TO, R ilitoa RUN, na J ilitoa LOAD, amri ya kuingiza programu kutoka kwenye kaseti. Spectrum ilikuwa na vitufe 40 tu, na kila kimoja kilibeba maana kadhaa zilizoandikwa juu yake, pembeni yake na chini yake. Kama vidole vyako bado vina kumbukumbu, jaribu sasa hivi mezani: J, kisha kushikilia SYMBOL SHIFT na kubonyeza P mara mbili kwa alama za kunukuu, kisha ENTER. Watu waliosahau namba ya simu ya nyumba yao ya utotoni hawajaisahau hiyo. Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo sijaona ikisifiwa vya kutosha: mtoto asiyejua Kiingereza vizuri, kama wengi waliotoka kwetu na kuingia shule za kule katikati ya mwaka, hakuweza kukosea tahajia ya amri, kwa sababu amri ilikuja imeshaandikwa.

Tunafika kwenye meza. Kumbukumbu ya mtu kutikisa meza na kila kitu kufutika ni sifa mashuhuri ya ZX81, mtangulizi wa Spectrum, iliyotoka Machi 1981 kwa pauni 69.95 ikiwa imeshaunganishwa. Hiyo nayo ilikuwa na kilobaiti moja, na waliotaka zaidi walinunua kisanduku cha kilobaiti 16 kilichochomekwa nyuma bila kufungwa kwa chochote. Kibodi yake ilikuwa bapa kama karatasi, na mtu alipoibonyeza kwa nguvu, kisanduku kilicheza, mguso ukakatika, na kazi ya alasiri nzima ikapotea. Spectrum ilibeba kumbukumbu yake ndani, kwa hiyo haikuwa na ugonjwa huo kwa kiwango hicho. Uwezekano ni miwili. Ama mlikuwa na rafiki au jirani mwenye ZX81, na mashine hizo mbili, zote nyeusi na zote za Sinclair, zimeungana kichwani mwako. Jiulize kama unakumbuka skrini isiyo na rangi wala sauti, maana ZX81 haikuwa na vyote viwili. Ama mlikuwa na kifaa cha kuunganishia fimbo ya michezo nyuma ya Spectrum, kilichochomekwa kwa mtindo uleule na chenye tabia ileile. Tazama ndani ya kabati: kikiwepo kisanduku kidogo chenye mdomo mrefu wa meno ya shaba, umepata jibu.

Sasa ile adhabu ya Dar es Salaam. Sababu ya mzee ni ya mzee, lakini mazingira aliyorudi nayo yanajulikana, nami ningemwondolea lawama. Umeme haukuwa tatizo, kwa kuwa volti na hata plagi za pini tatu za mraba ni zile za Uingereza. Tatizo lilikuwa televisheni. Spectrum haina skrini yake; inatuma picha kwa njia ya waya wa antena, kwenye chaneli ya 36 ya UHF, na bila televisheni ni kibodi tupu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Mwaka 1986 familia ya kawaida ya Dar es Salaam haikuwa na seti sebuleni, na wachache waliokuwa nayo waliitumia kwa deki ya video. Isitoshe, serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, na ingawa masharti yalilegezwa baadaye, hapakuwa na duka la kaseti za michezo, wala majarida yenye programu za kunakili, wala fundi wa kumpelekea. Kwa hali hiyo kabati ndipo mahali salama pekee ambapo mtu angeihifadhi mashine aliyoinunua kwa jasho. Na mtu aliyekaa akawaandikia wanawe programu ya hesabu hakuwa mtu wa kuwanyima kompyuta.

Kaseti hizo, basi. Utepe wa sauti wa miaka ya 1980 ukihifadhiwa pakavu husomeka vizuri hadi leo, lakini Dar es Salaam ina joto na unyevu, kwa hiyo anza kwa kutazama. Shika kila kaseti kwenye mwanga uangalie kingo za utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe au madoa, huo ni ukungu, na kaseti hiyo itengwe kando, kwani ikichezwa itachafua kichwa cha redio na kuambukiza zinazofuata. Zilizo safi, vunja vile vibapa viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwake ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya. Tafuta redio kaseti nzima, si ile iliyokaa kabatini pamoja nazo, kwa sababu mikanda yake ya mpira itakuwa imelegea au kuyeyuka na itatafuna utepe. Safisha kichwa na gurudumu la mpira kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti, kisha ijaribu redio hiyo kwa kaseti ya muziki usiyoijali.

Kila kaseti uizungushe mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo kabla ya kuicheza, ili tabaka za utepe zilizogandamana ziachane. Unganisha tundu la hedifoni la redio na kompyuta yako kwa waya. Laptopu nyingi za sasa hazina tundu la kuingizia sauti, kwa hiyo utahitaji kifaa kidogo cha sauti cha USB. Usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika, maana mwangwi wa chumba utaunganisha mawimbi mafupi na marefu na data haitatambulika. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Rekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, hifadhi kama WAV wala si MP3, na zima vipunguza kelele vyote, Dolby ikiwemo. Sauti iwe kubwa bila vilele vya mawimbi kukatika. Ukisikia mlio umefifia kana kwamba umefunikwa na blanketi, kichwa cha redio hakijalingana na kilichorekodi: kuna skrubu ndogo ubavuni mwake, na ukiigeuza polepole kwa bisibisi nyembamba huku ukisikiliza, utafika mahali mlio unapokuwa mkali kuliko popote. Weka alama mahali ilipokuwa kabla ya kuigusa.

Kaseti yenye mwandiko wa baba uirekodi yote, pande zote mbili, tangu sekunde ya kwanza mpaka utepe uishe, hata mahali unapodhani ni patupu. Nina sababu tatu. Watumiaji waangalifu walihifadhi programu mara mbili mfululizo kwa kuogopa makosa, hivyo nakala ya kwanza ikishindwa ya pili huenda ikapona. Wengi walitumia kaseti za muziki au hotuba zilizokwisha kurekodiwa, na kilichobaki baada ya programu kuisha bado kipo. Na ilikuwa desturi ya kawaida mtu kulitamka jina la programu kwenye maikrofoni kabla ya kuihifadhi, ili baadaye aipate kwa kusikiliza. Utakapobadilisha sauti kuwa faili la TAP au TZX ambalo kompyuta ya leo inalielewa, programu ya kubadilisha huchukua data peke yake na kutupa kila kisicho data. Kwa hiyo sikiliza WAV yote kwa masikio yako kwanza, na usiifute hata baada ya kupata TZX. Kwa michezo ya dukani chagua TZX kuliko TAP, kwani mingi ilirekodiwa kwa mitindo ya pekee ya kuzuia kunakiliwa ambayo TAP haiwezi kuibeba.

Faili ukilipata, lifungue kwa programu inayoiga Spectrum, kama Fuse, inayopatikana bure kwa Linux, Windows na Mac. Jambo hili ni halali. Amstrad, walionunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986 kwa pauni milioni 5, walitoa ruhusa mwaka 1999 ROM yake isambazwe pamoja na programu za namna hiyo. Zima lile chaguo la kusoma kaseti kwa haraka na uwashe sauti ya kaseti, ili wanao waione michirizi na wangoje kama ulivyongoja. Lakini programu ya baba usiiingize kwa LOAD. Tumia MERGE, kwa sababu LOAD inaweza kuianzisha yenyewe, ilhali MERGE huiweka kwenye kumbukumbu bila kuianzisha. Kisha andika LIST. Utaiona mistari yake kama alivyoiandika, namba kwa namba, pamoja na maelezo aliyojiachia baada ya neno REM, kama alijiachia.

Mashine yenyewe iachwe ya mwisho. Adapta yake ya asili ni ya volti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi, kinyume na adapta nyingi zinazouzwa leo Kariakoo na kwingineko. Ukiichomeka adapta ya kisasa yenye volti sahihi na ncha chanya katikati, unaweza kuunguza sakiti inayozalisha volti za ndani, na pamoja nayo chipu za kilobaiti 16 za chini, ambazo zinahitaji volti tatu tofauti kwa wakati mmoja na hufa moja ikikosekana. Adapta ya asili nayo isichomekwe kabla haijapimwa. Kapasita za ndani ya mashine zimekauka kwa umri na zinafaa kubadilishwa zote, utando ulio chini ya vitufe vya mpira huwa umekatika kwa ukavu na mpya bado unatengenezwa, na picha ni bora itolewe kwa waya wa video wa moja kwa moja kuliko kuhangaika na chaneli ya 36 kwenye televisheni za sasa. Kazi zote hizo zipo ndani ya uwezo wa fundi mzuri wa redio, mradi umwonyeshe sentensi ile ya ncha hasi kabla hajafungua skrubu ya kwanza.